UZI: PPL imelala tangu 2015, retingi imekwisha muda. Wilson unaanzia wapi?

Mbuyu_K
Wadau, salaam. PPL (leseni ya rubani binafsi) ya Kenya, injini moja ya pistoni, Cessna 172, mara ya mwisho kuruka 2015. Kuna mahali nimeambiwa nilipie masaa kumi kwanza, "mengine yatajipa mbele ya safari." Hayo mengine ni yapi, na yanafuatanaje? Naomba majibu ya watu wanaoijua kazi, si ya kunitia moyo.

Kifaru_5Y
Usilipe masaa kumi. Usilipe hata moja mpaka umetoka kwa daktari.

Tandaza karatasi zote mezani utazame tarehe nne. Watu husema "leseni imekufa" wakati huenda kilichokufa ni kimoja tu kati ya vinne. Kuna leseni yenyewe. Kuna retingi, yaani idhini ya kurusha ndege ya injini moja ya kutua nchi kavu. Kuna cheti cha afya cha daraja la pili. Halafu kuna kiwango cha Kiingereza cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga: daraja la nne hukaa miaka mitatu, la tano miaka sita, la sita halina mwisho. Kwa mtu wa 2015, la nne na la tano yote yamepita, na hili ndilo watu hulikumbuka faili ikiwa tayari dirishani.

Retingi iliyokwisha muda hairudi kwa kulipa ada. Unapata mafunzo ya kukumbushwa kwa mwalimu aliyeidhinishwa, yeye anaandika na kusaini kwenye logibuku kwamba uko tayari, kisha unafanya jaribio la kuruka na mtahini anayekubaliwa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya. Masaa mangapi? Mwalimu ataona. Anayekutajia idadi kabla hajakuona ukishika usukani anauza masaa.

Kwa pengo la miaka mingi hivi, andika barua au barua pepe kwa idara ya leseni, Aviation House pale JKIA. Ambatisha nakala ya leseni na kurasa za mwisho za logibuku, uulize wazi: natakiwa kurudia karatasi gani za nadharia, kama zipo? Taka jibu la maandishi. La simu halitakusaidia ukimkuta afisa mwingine siku ya kupeleka faili.

Mama_Altimita
Naongezea hapo kwa daktari, kwa sababu ndipo watu huangukia wakiwa wameshalipia ndege.

Lazima awe daktari wa anga aliyeteuliwa na Mamlaka. Hospitali ya kawaida haiwezi kutoa cheti hiki. Macho kwa daraja la pili, kwa vipimo vya ICAO, ni 6/12 kila jicho peke yake na 6/9 yote mawili pamoja, miwani inaruhusiwa. Ukihitaji miwani utaandikiwa sharti la kuwa na ya akiba ndani ya ndege, kwa hiyo tengeneza mbili kabisa. Ukishapita hamsini tarajia kipimo cha umeme wa moyo kila miaka miwili. Presha na sukari ndivyo vinavyobadilika bila mtu kujua ndani ya miaka kumi, na dawa nyingine za presha zina masharti yake. Nenda ukapimwe presha kwa daktari wako wa kawaida mwezi mmoja kabla. Presha ikiwa juu itibiwe, itulie, uende na barua. Kugundua tatizo mbele ya daktari wa anga ni kuanza mlolongo wa maswali ambao ungeweza kuumaliza mapema.

Cheti kikichelewa si lazima ukae bure. Ukiwa na mwalimu, yeye ndiye kamanda wa ndege, unaweza kuanza mazoezi. Ila kuruka peke yako na jaribio haviwezekani bila cheti.

Mbuyu_K
Asanteni sana. Swali la masaa bado linaniwasha. Nimesikia kanuni ya saa moja kwa kila mwaka uliokaa nje. Ina ukweli?

SaketiTatu
Inakaribia ukweli kwa mtu mwenye masaa machache, mkuu. Mwenye masaa 60 tangu aanze akikaa miaka kumi, saa nane mpaka kumi na mbili si ajabu. Mwenye 500 anaweza kumaliza kwa nne. Mikono hurudi haraka. Kinachokula pesa ni redio, taratibu za anga, na kufikiri mbele ya ndege. Hayo unaweza kuyafanyia kazi nyumbani bila senti.

Mpangilio unaofaa: kikao cha chini cha saa mbili kabla ya ndege. Mruko wa kwanza ni wa kwenda mwendo mdogo, stoli (mbawa kupoteza nguvu ya kuinua), na mizunguko ya nyuzi 45. Wa pili na wa tatu saketi, yaani kupaa, kuuzunguka uwanja na kutua tena. Wa nne dharura, kuanzia injini kuzimika baada ya kupaa hadi kutua uwanda wa Kitengela kwa mazoezi. Wa tano safari ya ramani na kubadili uelekeo katikati. Wa sita ni jaribio la majaribio. Baadhi utazirudia. Zifanye mara mbili au tatu kwa wiki. Ukiruka mara moja kila wiki mbili, nusu ya kila mruko unalipia kukumbuka mruko uliopita.

Kifaru_5Y
@SaketiTatu nakubali isipokuwa jambo moja: usianze na stoli siku ya kwanza kwa mtu wa miaka kumi. Mruko wa kwanza mpe ndege ainyooshe tu, apande, ashuke, ageuke, asikilize redio. Akitoka hapo anajua mwenyewe amepoteza nini, na mwalimu pia anajua.

Na uliza bei inahesabiwaje. Kuna wanaotoza tangu injini iwake, wengine tangu ndege ipae. Wilson asubuhi msafara wa ndege za Mara na Amboseli unapotoka, unaweza kukaa kwenye foleni injini ikinguruma robo saa. Ukienda saa nne foleni imepungua, lakini joto limepanda na hewa inarusharusha. Chagua sumu yako. Kwa saketi ningechukua foleni.

Mama_Altimita
Joto. Hapo ndipo ningekaa kwa muda, maana wengi waliokaa nje hukumbuka Wilson kuwa "juu kidogo" na kuishia hapo.

Uwanja uko karibu futi 5,500 juu ya bahari. Chukua mchana wa Februari: altimita ukiiweka 1013, shinikizo la kawaida la usawa wa bahari, inasoma kama futi 5,300, joto nyuzi 27. Joto la kawaida la kimo hicho kwa jedwali la ICAO ni kama 4.5. Tofauti 22.5, zidisha kwa 120, unapata 2,700. Jumla futi 8,000. Ndege inafanya kazi kana kwamba iko futi 8,000, na bado matairi yako chini. Uwanja huohuo Julai alfajiri kwa nyuzi 13 unatoa kama 6,300. Ndiyo maana ile ndege iliyopaa vizuri asubuhi inaonekana mgonjwa saa nane mchana.

Maana yake kwa vitendo: injini ya farasi 160 isiyo na turbo inabakiwa na kama 120. Propela inakamata hewa nyepesi, mbawa vilevile. Mbio za kupaa zinarefuka, na baada ya kupaa ndege haipandi, inaambaa. Usivute pua kuilazimisha. Shika mwendo wa kupanda uliomo kwenye kitabu cha ndege kwa kimo hicho, si ule wa usawa wa bahari.

Kutua nako kuna mtego wa macho. Ukikaribia kwa noti 65 (maili za baharini kwa saa) kwenye kipima mwendo, mwendo wako halisi angani ni kama noti 73. Ardhi inapita haraka, ubongo unasema "punguza," mkono unavuta. Usiutii. Mbawa zinajua noti 65 ya kipima mwendo tu. Lakini magurudumu yakigusa, nguvu ya mwendo inayotakiwa kumalizwa na breki imezidi kwa kama moja ya tano ukilinganisha na Malindi, kwa hiyo gusa mapema kwenye njia ya kurukia, na usielee kwa noti kumi za ziada.

Ndege_Mwitu
Swali dogo. Orodha ya ukaguzi inasema kabla ya kutua kitufe chekundu, kile cha kupimia mafuta yanayochanganyika na hewa, kisukumwe chote, mafuta kamili. Wilson pia?

Mama_Altimita
Hapana, na hili huharibu majaribio ya watu. Kitabu cha 172N chenyewe kinasema viwanja vilivyo juu ya futi 3,000, kabla ya kupaa punguza mafuta mpaka upate mizunguko ya injini ya juu kabisa throto (mpini wa nguvu ya injini) ikiwa wazi yote ndege ikiwa imesimama. Shika breki, throto mbele yote, vuta kitufe chekundu polepole. Utaona sindano ya mizunguko inapanda, inafika kilele, inaanza kushuka. Rudisha mbele kidogo. Hapo ndipo pako.

Sasa ukija kutua na kusukuma kitufe chote kwa mazoea ya pwani, hakuna dalili, kwa sababu throto imefungwa. Mtahini anasema ghairi kutua, unafungua throto, injini inakohoa kwa mafuta mengi kupita hewa iliyopo, na flapu, yale mabamba ya nyuma ya mbawa, bado ziko chini. Kabla ya kutua weka kitufe pale kilipokuwa wakati wa kupaa.

Utaratibu wa kughairi: throto yote, joto la kabureta lizime, flapu zirudi nyuzi 20 mara moja, mwendo ukijenga ndipo zilizobaki, kidogokidogo. 172N ina flapu za nyuzi 40. Kwa kimo cha futi 8,000 na flapu 40 usitegemee kupanda.

Hata kwenye maegesho punguza mafuta. Ukitembea chini kwa mafuta kamili plagi zinashika masizi, kisha kwenye kupima magneto, mitambo miwili ya kuwasha plagi, injini inatetemeka, unarudi karakana bure. 172N inapimwa kwa mizunguko 1,700, kushuka kusizidi 125 kwa kila magneto na tofauti kati yao isizidi 50. Ikizidi, pandisha mizunguko, punguza mafuta kwa dakika moja hivi uchome masizi, pima tena. Ikikataa, zima uite fundi.

SaketiTatu
Na kabureta msimu wa baridi! Juni mpaka Agosti, wingu limelala, nyuzi 14, kiwango cha umande 11. Hewa ya namna hiyo ndiyo hutengeneza barafu ndani ya kabureta, hasa throto ikiwa imerudishwa kwa kushuka. Ishara ni mizunguko kushuka taratibu bila kuguswa. Vuta joto lote, si nusu. Injini itatetemeka barafu ikiyeyuka, na mtu asiyejua hulirudisha kwa woga. Liache. Ndege mpya za 172R na S hazina kabureta, zinapuliza mafuta, kwa hiyo ukihamia huko sahau hili, ujifunze namna ya kuwasha injini ikiwa moto. Hiyo nayo ina karaha yake.

Ndege_Mwitu
Ukihamia R au S kumbuka pia matundu ya kumwaga mafuta. Za zamani ni matatu tu, hizi ni kumi na matatu. Mwaga yote, hasa baada ya mvua. Avgas 100LL ni buluu. Ukiona haina rangi, nusa, huenda ni mafuta ya jeti au maji matupu. Na kiti: kisukume kwa nguvu mbele na nyuma kuhakikisha kimekamata reli. Kiti cha 172 kikirudi nyuma wakati wa kupaa, rubani hurudi na usukani mkononi.

Mbuyu_K
Hii ni darasa kabisa. Na anga lenyewe? Nakumbuka mambo ya zamani tu.

Kifaru_5Y
Ya zamani yatupe. Nunua au pakua ramani na AIP (kitabu rasmi cha taarifa za anga) ya sasa, chora upya njia za kuingia na kutoka, vituo vya kuripoti, masafa, na vimo vya juu vya kila eneo. Wilson iko chini ya anga linaloongozwa kwa ajili ya JKIA. Futi mia tatu za uzembe zinakupeleka kwenye njia ya ndege kubwa. Masafa yaliyoandikwa kwa kalamu ndani ya logibuku ya 2015 usiyaguse.

Tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 yenye watu 44 ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wawili waliokuwa kwenye Cessna walifariki, Dash 8 ikarudi Wilson. Sichambui kosa la yeyote, nataja tu kwamba anga hilo lina ndege za noti 90 na za noti 200 kwenye futi zilezile. 172 ina mbawa juu: kabla ya kugeuka inua ubawa wa upande unaoelekea utazame, ndipo ugeuke. Na taa ya kutua iwake muda wote ukiwa saketini.

Redio: rudia kwa mnara njia uliyopewa, kila ruhusa ya kuingia, kuvuka, kupaa au kutua, mpangilio wa altimita, namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada), uelekeo na kimo. Kuruhusiwa kuingia kwenye njia na kusubiri si kuruhusiwa kupaa. Siku za kwanza mwambie mwongozaji kwamba ni mruko wa mafunzo. Atakupa nafasi, na hakuna aibu. Fanya mazoezi kwa kutamka kwa sauti garini ukiwa kwenye msongamano wa Lang'ata Road, hapo muda unao.

Mpango wa safari unajazwa kwa saa za UTC. Saa tatu asubuhi ya hapa kwetu ni 0600. Fomu nayo ilibadilika 2012, kwa hiyo kama ulijifunzia nakala ya kabla ya hapo, visanduku vya vifaa vya ndege vina herufi mpya.

SaketiTatu
Na Ngong. Kilele ni kama futi 8,070, upepo wetu mwingi unatoka mashariki, kwa hiyo upande wa Bonde la Ufa ndio wenye hewa inayoshuka. Ukitoka Magadi kurudi nyumbani uko chini ya mteremko huo, ndege imechoka kwa joto, na mbele kuna mlima. Anza kupanda mapema sana. Magadi iko kama futi 2,000, na 172 iliyojaa inaweza kuchukua zaidi ya dakika 20 kufika 9,500. Karibia ukingo kwa pembe ya nyuzi 45 ili ukiona unashuka ugeuke nusu tu kurudi bondeni. Kama hujafika futi elfu moja juu ya ukingo kabla ya kuufikia, geuka, panda, jaribu tena.

Kanuni ya vimo nayo: zaidi ya futi 3,000 juu ya ardhi, uelekeo wa sumaku 000 hadi 179 ni elfu witiri na mia tano, 180 hadi 359 ni elfu shufwa na mia tano. Kwenda Mombasa ni 9,500, kurudi 8,500 au 10,500. Mimi 10,500 sipendi kwa muda mrefu, oksijeni inaanza kuwa mada.

Ndege_Mwitu
Jaribio lenyewe mtahini anatazama nini?

Mama_Altimita
Anaanza chini. Atakupa safari na abiria, umpigie hesabu ya uzito na mizani, mafuta, mbio za kupaa kwa joto la siku hiyo. Mfano: 172N ya uzito wa juu pauni 2,300, tupu kama 1,450. Watu wanne wa kilo 85 ni pauni 750. Zimebaki 100, yaani galoni 16, kama lita 60. Kwa lita 30 kwa saa ni saa mbili mpaka tanki kavu, toa nusu saa ya akiba ya mchana. Saa moja na nusu. Kwa joto la Februari mtahini anataka akusikie ukisema "hapana, wanne hawaendi." Jibu la hesabu ni sehemu, uamuzi ndio mtihani.

Angani ni stoli, mizunguko mikali, kutua kwa dharura, saketi ya flapu na isiyo na flapu, kughairi kutua, sehemu ya safari. Kujipima tumia viwango vya Ulaya: kimo futi 150 juu au chini, uelekeo nyuzi kumi, mwendo wa kukaribia kutua usizidi noti 15 juu na noti tano chini. Ukikaa ndani ya viwango hivyo mfululizo hutababaika. Kwenye dharura ya injini kosa kubwa ni mikono kukimbilia redio. Kwanza mwendo wa kuelea, 65 kwa 172N, kisha uwanja, kisha mafuta, magneto, joto la kabureta, ndipo useme na mtu.

Mzunguko wa mwisho kuingia faino, mstari ulionyooka wa kutua, pia. Ukipitiliza mstari usikaze pembe. Kwa nyuzi 45 mwendo wa stoli unapanda karibu asilimia 19, kwa nyuzi 60 unapanda asilimia 41. Umepitiliza? Ghairi.

Ndege_Mwitu
Kuna jamaa ana leseni ya Marekani, anasema yeye haimhusu, ya kwao haiishi.

Kifaru_5Y
Leseni haiishi, lakini bila ukaguzi wa kuruka ndani ya miezi 24 ya kalenda hawezi kuwa kamanda. Ni saa moja ya darasa na saa moja ya kuruka kwa uchache. Na leseni hiyo peke yake haimruhusu kurusha ndege yenye namba ya 5Y, yaani iliyosajiliwa Kenya. Apeleke KCAA kuithibitisha au kuibadilisha. Ya Ulaya ndiyo inafanana na yetu zaidi: retingi ya injini moja ya pistoni ina miezi 24, ikipita ni mafunzo tena na jaribio.

Mbuyu_K
Nikifaulu, naweza kumpakia mama watoto wikendi hiyohiyo?

SaketiTatu
Sheria ya abiria ni kupaa mara tatu na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita, kwa aina hiyo ya ndege. Baada ya mafunzo utakuwa nazo. Ila kilabu chenye ndege kinaweza kuwa na masharti makali kuliko sheria, na bima yao pia, soma mkataba. Na kama huna retingi ya usiku, jua Nairobi huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo hivi mwaka mzima, na giza halichelewi. Panga uwe chini saa kumi na moja na nusu.

Kifaru_5Y
Siku ya jaribio, kabla mtahini hajaondoka, tazama amejaza nini: namba ya leseni yako, namba ya ndege, aina ya retingi, tarehe, sahihi na namba yake ya idhini, kwenye fomu na kwenye logibuku, na vifanane. Piga picha kila ukurasa. Fomu ikirudishwa kwa tarehe iliyokosewa utamtafuta mtahini huyo akiwa Lokichoggio. Na usiruke kama kamanda kwa karatasi hizo mpaka leseni yenye retingi mpya iwe mkononi, au uwe na maandishi ya idara yanayokuruhusu.